Pointi zako na safari ya vituo vingi: maswali ya wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Mtu ana pointi za ndege kwenye akaunti (mashirika mengine huziita maili), anataka kufika zaidi ya mji mmoja, na hajui aanzie wapi. Aanzie kwenye kiti kilicho kigumu kupatikana. Mashirika hutenga viti vichache tu vya pointi katika kila ndege, na mara nyingi safari ndefu ya kuvuka bara ndiyo inayokosa nafasi. Ukishakipata kiti hicho, vituo vingine vipange kukizunguka. Wengi wetu hufanya kinyume: tunaomba likizo kazini, tunalipia hoteli, ndipo tunatafuta ndege.

*Dada, nina duka la nguo Eastleigh. Nina pointi za Emirates nilizokusanya kwa safari za Dubai. Sasa nataka kwenda Guangzhou, lakini nikae Dubai siku nne njiani. Nikate tikiti moja au mbili?*

Mama, kwanza ujue mpaka wa saa 24. Katika safari za kimataifa, ukikaa mji wa katikati chini ya saa hizo, unahesabiwa kuwa unabadilisha ndege tu. Ukizipita, umeweka kituo, na kituo kina masharti na bei yake. Siku zako nne ni kituo.

Kwa hiyo tafuta bei mara mbili: safari nzima kama tikiti moja ya miji mingi, kisha kila kipande peke yake. Halafu piga hesabu ya thamani. Chukua bei ya tikiti ya pesa, toa kodi ambazo ungelipa hata ukitumia pointi, gawanya kwa idadi ya pointi. Tuseme, kwa mfano tu, tikiti ni shilingi 60,000, kodi 15,000, na pointi zinazotakiwa 30,000. Kila pointi imekununulia shilingi moja na nusu. Fanya hivyo kwa kila kipande, utaona mwenyewe ni kipi cha kulipia pesa na kipi cha pointi. Nairobi–Dubai ina mashirika kadhaa yanayoshindania abiria, kwa hiyo mimi ningeangalia kwanza kama naweza kuilipia pesa na kuziacha pointi zifanye kazi Dubai–Guangzhou.

Kwenda, tikiti mbili hazina hatari kwako, kwa sababu kuna siku nne katikati. Kurudi ni tofauti. Kama utabadilisha ndege Dubai siku hiyo hiyo, hakikisha Guangzhou hadi Nairobi iko kwenye tikiti moja. Tikiti zikiwa mbili na ndege ya kwanza ichelewe, ile ya pili itaondoka na nauli yako, na hakuna anayelazimika kukutafutia nyingine. Tena angalia tarehe za maonyesho ya biashara ya Canton, yanayofanyika Guangzhou kila majira ya kuchipua na kila vuli. Wakati huo viti na vyumba huisha mapema sana.

*Assalaam alaykum. Mimi na mke wangu tunaishi South C, tuna maili za Turkish Airlines. Tunataka Umra: tuingie Jeddah, tutoke Madina, na tupumzike Istanbul siku tatu. Inawezekana?*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mpangilio wenu ni mzuri, na nimefurahi kuuona kwa sababu watu wengi hurudi Jeddah bila haja. Kuingia mji mmoja na kutokea mwingine ni jambo la kawaida katika ukataji wa tikiti. Kipande cha nchi kavu mnajigharimia wenyewe, na hapo kuna treni ya Haramain, iliyofunguliwa mwaka 2018. Njia yake ni ya kilomita 450 hivi kutoka Makka hadi Madina kupitia Jeddah, na ina stesheni kwenye uwanja wa ndege wa Jeddah.

Kwa Turkish mtapita Istanbul kwenda na kurudi mpende msipende. Mapumziko yawekeni wakati wa kurudi. Ibada itangulie mkiwa na nguvu na nia moja, matembezi yafuate. Kwenda, ihramu iwe kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa miqati, mpaka ambao hamtakiwi kuupita bila ihramu, itapitwa mkiwa angani kabla ya kutua Jeddah. Kurudi, kumbukeni kwamba kwa kituo cha siku tatu mizigo yenu itashushwa Istanbul na mtaikabidhi upya. Ulizeni mapema kuhusu dumu la maji ya Zamzam, lisije likawa mzigo wa kulipia katika kipande cha pili.

Mnapotafuta viti, tafuteni vya watu wawili tangu mwanzo. Kuona kiti kimoja cha pointi hakumaanishi cha pili kipo. Mkitaka Ramadhani, anzeni kutazama karibu miezi kumi na moja kabla, maana ndipo mashirika mengi hufungua ratiba. Na tovuti ikikataa kuunganisha vipande, msikate tamaa. Tafuteni kila kipande peke yake, andikeni namba ya ndege na tarehe, kisha pigeni simu huduma kwa wateja mkiwa na karatasi hiyo mkononi. Mhudumu anayesomewa ndege kamili husaidia haraka kuliko anayeambiwa "nataka kupitia Istanbul".

*Dada yangu yuko Toronto, ana pointi za Aeroplan. Anataka kumleta mama kutoka Nairobi, na mama angependa kusimama mahali njiani apumzike. Pointi za mtu mwingine zinaruhusiwa?*

Zinaruhusiwa. Dada yako ndiye atakayekata tikiti kwa jina la mama kutoka akaunti yake. Aeroplan ni ya Air Canada, na Air Canada iko kwenye muungano wa mashirika uitwao Star Alliance pamoja na Ethiopian, Lufthansa na Turkish, kwa hiyo pointi hizo zinaweza kununua kiti cha Ethiopian hadi Toronto kupitia Addis Ababa. Mpango huo unakubali kituo kimoja katika safari ya upande mmoja kwa kuongeza pointi 5,000, mradi kituo kisiwe Kanada au Marekani.

Mama asimame Addis. Mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza kuingia Ethiopia, lakini akitaka kupumzika Frankfurt atahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, juu ya ile ya Kanada. Kwa mtu mzima anayesafiri peke yake, viza moja inatosha kusumbukia.

*Nina Avios, pointi za British Airways, na binti yangu anasoma Chicago. Niliambiwa tikiti ya pointi ni bure, lakini kupitia London naona pesa nyingi mwishoni, na nikiweka siku tatu London wakati wa kurudi zinazidi. Kwa nini?*

Pointi hulipa nauli. Kodi za serikali, ada za viwanja na ile ada ya ziada inayowekwa na shirika lenyewe hubaki kwako, na ada ya shirika ndiyo inayouma, kwani wengine huitoza kidogo na wengine nyingi kwa safari ile ile.

London ina jambo lake. Uingereza hutoza kodi iitwayo Air Passenger Duty kwa abiria anayeondoka nchini humo, hata aliyetumia pointi. Anayebadilisha ndege ndani ya saa 24 hatozwi. Siku zako tatu ndizo zinazokuingiza kwenye kodi hiyo: kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 iliwekwa pauni 90 kwa daraja la kawaida katika safari za umbali kama wa Nairobi, na daraja za juu ni zaidi ya mara mbili yake. Watoto walio chini ya miaka 16 katika daraja la kawaida husamehewa.

Kuna na viza. Mkenya anayepita London anahitaji viza ya kupitia hata asipotoka uwanjani, isipokuwa awe kwenye kundi lililosamehewa, kama wenye viza halali ya Marekani. Wewe unayo ya Chicago, lakini msamaha huo hautoshi kwa kukaa siku tatu mjini.

Ningekuwa wewe ningelinganisha na Doha. Qatar Airways nayo hutumia Avios, unaweza kuzihamisha kutoka akaunti ya British Airways hadi ya Qatar, na ndege zao zinatoka Nairobi hadi Doha, kisha Doha hadi Chicago. Majina na tarehe ya kuzaliwa vilingane kwenye akaunti zote mbili kabla ya kuziunganisha.

*Akaunti yangu ina majina mawili, pasipoti ina matatu. Ni shida?*

Ni shida ndogo leo na kubwa siku ya safari. Badilisha akaunti ifuate pasipoti, na ufanye hivyo kabla ya kukata tikiti.

*Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anauza tikiti za pointi kwa nusu bei. Ninunue?*

Usinunue. Masharti ya mashirika hukataza kuuza pointi kwa njia hiyo, na likigundua, shirika laweza kufuta tikiti ukiwa tayari nchi ya watu. Muuzaji atakuwa ameshapokea M-Pesa yake.

*Tikiti ya pointi ya Nairobi–Amsterdam–Oslo ni nafuu kuliko ya Amsterdam tu. Nishuke Amsterdam nisiendelee?*

Mzigo wako utaenda Oslo, na kipande kimoja kikirukwa vinavyofuata hufutwa, pamoja na kurudi kwako Nairobi. Hapana.

*Zamani nikipanda Kenya Airways nilikusanya maili za Flying Blue. Siku hizi Kenya Airways ina Asante Rewards. Zile za zamani zimeenda wapi?*

Flying Blue ni mpango wa Air France na KLM, kwa hiyo akaunti yako iko kule kule na haihamii Asante Rewards yenyewe. Swali ni kama maili bado zina uhai. Flying Blue huzifuta baada ya miezi 24 bila safari au shughuli nyingine inayokubaliwa. Kwa Avios za Qatar ni miezi 36. Emirates haijali shughuli: kila maili huishi miaka mitatu hivi na kuisha mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa.

Kama zako zipo, zinafaa sana kwa safari ya vituo. Flying Blue huruhusu kituo kimoja cha zaidi ya saa 24 kwenye tikiti ya maili bila kuongeza maili, na KLM na Air France zote zinatoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi. Ugumu ni kalenda ya viza. Ombi la Schengen halipokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, ilhali viti vizuri huonekana mapema zaidi, hivyo soma masharti ya kurudishiwa maili iwapo utanyimwa viza. Lakini ningefungua akaunti leo jioni na kuangalia tarehe ya kuisha kabla ya kutafuta hata kiti kimoja.