Unayeanza kuuza matangazo ya redio Kigoma, soma hili kwanza

Msikilizaji wa redio binafsi halipi hata senti. Leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), umeme wa mtambo, mafuta ya jenereta na mishahara ya watangazaji vinatoka kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga, Kigoma, kampuni ya simu au shirika lenye kampeni ya chanjo Kasulu. Wote hao wananunua masikio ya watu, na masikio hayalingani saa zote. Ndiyo maana spoti, yaani tangazo fupi linalorushwa mara moja, ya saa 1 asubuhi ina bei yake na ya saa 9 alasiri ina yake.

Ijue stoo yako. Saa moja ya kipindi ikibeba dakika 10 za matangazo, una spoti 20 za sekunde 30. Ukijaza zaidi ya hapo watu wanahama stesheni, na mteja mkubwa hachelewi kulibaini hilo. Spoti ambayo haijauzwa haihifadhiki: saa yake ikipita, imekwenda.

Kwa wateja wa hapa, fuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, hivyo mbalamwezi ikikolea mitumbwi mingi hupumzika na fedha hupungua Kibirizi na Ujiji. Muuza nyavu na taa mshauri atangaze siku hizo hizo, wakati watu wanashona nyavu wakisubiri giza. Muuza vitenge, simu au magodoro mpeleke kwenye giza lenyewe, samaki wanapotoka. Ukimuuzia kila mtu mwezi mzima kwa mkupuo, atakuambia redio haisaidii, na kwa fedha yake atakuwa sahihi.

Andiko la sekunde 30 lisizidi maneno 65 hivi. Mwenye duka atataka utaje saruji, nondo, rangi, mabati, misumari, namba tatu za simu na salamu kwa wateja wake wote. Mkatalie kwa adabu. Chagua bidhaa moja, sema duka liko wapi kwa alama inayojulikana, taja namba moja mara mbili. Msomee kwa sauti palepale kaunta huku saa inahesabu. Akisikia mwenyewe jinsi maneno yanavyobanana, ataanza kuyapunguza bila kusukumwa. Kisha asaini andiko hilo kabla halijaenda kurekodiwa, maana bei iliyotajwa kimakosa hewani huzaa ugomvi usio na shahidi.

Oda ya wakala wa matangazo wa Dar es Salaam, anayewanunulia wateja wake nafasi hewani, ipigie hesabu hadi mwisho kabla ya kushangilia. Tuseme spoti ni shilingi 20,000, nao wanataka 5 kwa siku kwa siku 20. Hizo ni spoti 100, shilingi 2,000,000. Punguzo la wingi la asilimia 20 likitoka, zinabaki 1,600,000. Wakala anakata kamisheni, mara nyingi asilimia 15, yaani 240,000. Ankara inasimama kwenye 1,360,000 kabla ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Mlipaji anazuia asilimia 5 ya kodi ya zuio, 68,000. Dai cheti chake, la sivyo mhasibu hana cha kuonyesha TRA, mamlaka ya mapato. Mtego wenyewe uko kwenye VAT ya asilimia 18, shilingi 244,800. Kituo kilichosajiliwa kinatakiwa kuiwasilisha kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama mteja atalipa baada ya siku 90. Hapo ndipo kituo chenye oda tele kinapokosa mishahara. Kwa hiyo mteja mdogo wa Mwanga anayelipa taslimu kabla ya tangazo kuruka usimdharau. Mara nyingi ndiye anayenunua mafuta ya wiki.

Umeme ukikatika na jenereta ikachelewa, spoti ambazo hazikusikika hewani ziandikwe siku hiyo hiyo: saa, kipindi, mteja. Fidia irushwe katika saa za daraja lile lile. Spoti ya asubuhi kuifidia usiku wa manane ni dhuluma, na wakala akilinganisha ripoti na rekodi atakataa kulipa ankara nzima, si spoti hiyo moja tu. Ripoti ya kurusha itoke kwenye kompyuta ya studio, isiandikwe kwa kumbukumbu za mtangazaji.

Waganga watakuja na fedha mkononi. Tangazo la tiba asili lipokelewe tu likiwa na kibali cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. La dawa liende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwanza; la kubeti lipitie Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Na mdhamini wa kipindi akikuomba habari ya mgogoro wake na wafanyakazi isisomwe, usimjibu kwa niaba ya chumba cha habari. Mwambie mkataba wake unataja spoti na jina lake mwanzoni na mwishoni mwa kipindi, basi. Akitishia kuondoka, mpeleke kwa meneja; bei ya udhamini unaweza kuijadili naye, taarifa ya saa 2 usiku haimo kwenye orodha yako ya bei.