Furaha ya Kila Siku: Majibu kwa Wasomaji wa Dodoma

Nimehamishiwa Mtumba kikazi, familia imebaki Dar es Salaam. Jioni nikifika chumbani Nkuhungu ninajawa na upweke. Nianzie wapi?

Ndugu yangu, anzia kwa watu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulioanza mwaka 1938 na kufuatilia maisha ya washiriki kwa miongo mingi, umeonyesha kwamba walio na uhusiano mzuri na wenzao huelekea kuzeeka wakiwa na afya na furaha zaidi. Chagua mahali pamoja utakapoonekana mara kwa mara kwa saa ile ile, pawe kijiwe cha kahawa, kwaya, msikiti au genge unaponunua nyanya. Mwenye genge akishakuzoea, ipo siku atakuuliza, "Jana mbona hukupita?", na hapo utajua kwamba mtaani kuna mtu anayekuhesabu. Wazee wa Kigogo wasalimie kwa "mbukwenyi", nawe utaona nyuso zinavyokunjuka. Nyumbani nako piga simu wakati watoto wanapokula, waongee kwa zamu. Tena, nauli ikiruhusu, treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imeifanya Jumamosi ya kukaa na wanao iwezekane bila kuomba likizo.

Ninauza mboga soko la Majengo. Mtaji ni mdogo na madeni yapo. Je, furaha si ya wenye nacho?

Dada yangu, sitakudanganya: shida ya fedha huumiza, na hakuna zoezi la moyo linalolipa deni. Hata hivyo, siku ngumu huwa na mema yanayopita bila kuandikwa. Mwaka 2003 watafiti Emmons na McCullough wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walioorodhesha mambo ya kushukuru kila wiki waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walioorodhesha kero. Wewe daftari la mauzo unalo tayari. Usiku, chini ya hesabu ya mchicha na matembele, ongeza mstari mmoja: mteja aliyerudisha chenji iliyozidi, au jirani aliyekulindia meza ulipokwenda kuswali. Mara moja kwa wiki inatosha.

Ninasoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Ninalala usiku wa manane kwa sababu ya simu, na asubuhi sina raha.

Ichaji mbali na kitanda. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tembea kwa miguu kwenda darasani. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Tangu tumzike baba, miezi sasa, silali wala sili vizuri. Nimesali, nimetembea, bado.

Pole sana. Hali hiyo si uvivu wala upungufu wa imani. Huenda ni sonona, ambayo ni ugonjwa na ina tiba. Huzuni inayodumu zaidi ya wiki mbili na kuzuia usingizi, chakula au kazi inahitaji mtaalamu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyopo hapa hapa mjini. Inanisikitisha kwamba jina lake bado hutumika kama tusi, kwa kuwa tusi hilo huwafungia wagonjwa ndani. Mwombe ndugu unayemwamini akusindikize, umweleze daktari tangu lini hulali. Na yakikujia mawazo ya kujidhuru, usisubiri kesho, nenda leo hii.