Wasomaji Wanauliza: Bahari ya Mjomba na Ziwa Letu

Barua tatu tulizozichagua safari hii, mbili za Bukavu na moja ya Goma, zote zinahusu raha ya kukaa kando ya maji.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, mjomba wangu alifanya biashara ya vitenge Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwetu Nguba. Kila jioni anapolitazama Ziwa Kivu hulidharau, akisema kwamba ni maji yaliyolala, wakati bahari huondoka na kurudi kama mtu mwenye shughuli zake. Je, ni kweli kwamba bahari huondoka? Kama ni kweli, kwa nini ziwa letu halifanyi hivyo, na watu wa pwani wanapata raha gani katika jambo hilo? (Msomaji, Nguba, Bukavu)

Jibu: Kuhusu bahari mjomba wako amesema kweli, ila ziwa amelionea. Mwezi, ukisaidiwa na jua, huyavuta maji ya bahari, na kwa kuwa dunia inazunguka, mwambao wa Afrika Mashariki hupata maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi saa 24 kidogo. Ndiyo maana saa ya kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, na mtu wa pwani hawezi kupanga shughuli zake za ufukweni kwa kuitegemea saa ya ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wake huungana na ule wa jua, likaja bamvua, ambapo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huko Mombasa na Unguja inaweza kukaribia mita 4. Kati ya bamvua moja na jingine huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayaendi mbali.

Ziwa Kivu nalo huvutwa, lakini urefu wake haufiki kilomita 100, na katika eneo dogo namna hiyo mabadiliko yanayotokea ni madogo mno hata jicho haliwezi kuyatambua. Kupanda na kushuka tunakokuona sisi kunatokana na mvua, na vilevile na kiasi cha maji ambacho Mto Ruzizi unakitoa hapa mjini petu kukipeleka Tanganyika.

Sasa tuje kwenye raha. Maji ya bamvua yanapokupwa, miamba na mchanga huachwa wazi kwa umbali mrefu, na watu hutoka nyumbani kwenda huko. Katika vijiji vya Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, wanawake huingia katika mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Wengine hupekua mashimo ya miamba wakitafuta pweza, na vijana huchora uwanja wa mpira juu ya mchanga mbichi. Mchezo huo hauhitaji refa wa kutazama saa, kwa sababu maji yakirudi umekwisha, hata kama timu moja inaongoza kwa bao la kubishaniwa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo raha kubwa kuliko zote za pwani, kushinda hata madafu na upepo wa kaskazi: kuwa na kazi na mchezo ambao mwisho wake haumtegemei bosi wala mwenye sauti kubwa.

Hata hivyo, ziwa nalo linautii mwezi, na mjomba wako, ambaye bila shaka anakula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anapaswa kulijua hilo. Sambaza hawakuwa wa hapa. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana hata leo hatuwezi kuifikiria meza ya Bukavu bila wao. Huvuliwa usiku. Wavuvi huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huushusha wavu, kisha huwasha taa. Vijidudu vya majini huufuata mwanga, na sambaza huvifuata vijidudu. Lakini usiku wa mwezi mpevu mwanga umetapakaa juu ya ziwa zima, samaki hawana sababu ya kukusanyika chini ya taa ya mtu, mavuno hupungua, na wavuvi wengi huamua kulala. Mama anayekwenda soko la Kadutu huuona mwezi kwenye bei ya sambaza kabla hajauona angani. Siku zile zile ambazo sisi tunalalamikia bei, mwanamke wa Jambiani anatembea mbali kuliko kawaida juu ya miamba iliyoachwa na bamvua, akirudi na kapu zito. Kwa hiyo mjomba asiseme kwamba maji haya yamelala. Wanaolala ni wavuvi, tena kwa siku chache tu katika mwezi.

Swali: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Lamu na Zanzibar watu hukaa nje ya nyumba zao jioni, wakinywa kahawa na kuzungumza, wala hakuna anayewaita wavivu. Hapa kwetu, mimi na mama wenzangu tukikaa kidogo kwenye ngazi baada ya kutoka sokoni, majirani wanauliza kama hatuna la kufanya nyumbani. Kosa ni letu au ni la majirani? (Mama wa watoto, Kadutu, Bukavu)

Jibu: Ni la majirani, Mama, na ninawaomba wasome hapa.

Katika miji ya kale ya Waswahili, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, kikitazama njia. Mwenye nyumba humpokea hapo mgeni asiyehitaji kuingia ndani, mzee hucheza bao, na muuza kahawa hupita na dele lake la shaba akiimiminia kahawa chungu katika vikombe vidogo visivyo na mkono, huku kashata ikisaidia kuupunguza uchungu. Kukaa barazani kumejengwa ndani ya nyumba yenyewe, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kutumia sehemu ya nyumba yake. Lakini usiwaonee wivu kupita kiasi: kwa desturi baraza la njiani lilikuwa la wanaume, na wanawake walikuwa na mazungumzo yao uani. Ngazi zako za Kadutu, zinazowakusanya akina mama mbele ya macho ya mtaa mzima, zina uhuru ambao mabaraza mengi ya kale hayakuwa nao.

Ni kweli kwamba sisi tuna vizuizi vyetu. Tunaishi kwenye miteremko, mvua inanyesha sehemu kubwa ya mwaka, na kwa kuwa ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, jioni yetu inadai sweta wakati mtu wa Mombasa bado anajipepea. Kizuizi kinachoniudhi mimi ni kingine. Huko Unguja, bustani ya Forodhani iko wazi mbele ya Mji Mkongwe, na yeyote mwenye fedha ya bakuli la urojo, au hata asiye nayo, huketi pale akaitazama bahari bila kumwomba mtu ruhusa. Mombasa wana barabara ya Mama Ngina, ambako familia hununua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, zikaangalia meli zikiingia bandarini. Bukavu imejaliwa rasi kadhaa zinazoingia ziwani, maana yake ufukwe mrefu kuliko ambavyo mji wa ukubwa wake ungetarajia, na bado kuta za nyumba za watu zimeshuka hadi majini, hata mtoto wa Kadutu analijua ziwa kwa kulitazama kutoka juu tu. Wanaotoa vibali vya kujenga wangepaswa kuulizwa swali lile lile unaloulizwa wewe.

Wakati tukisubiri jibu lao, fanya hivi. Kahawa nzuri ya arabika inalimwa Kalehe na katika kisiwa cha Idjwi, halafu sehemu kubwa yake inasafirishwa kwenda kunywewa na watu wa mbali. Nunua kidogo, ipike na tangawizi, itoe hadi kwenye ngazi, na kikombe cha kwanza mpe yule jirani mwenye maneno mengi zaidi. Ni vigumu kumlaumu mtu kwa kukaa huku nawe umekaa naye.

Swali: Nakuja Bukavu kwa harusi ya binamu yangu, na sijawahi kusafiri ziwani. Nipande mashua ya mwendo kasi au meli kubwa? (Msomaji, Himbi, Goma)

Jibu: Kama harusi ni siku hiyo hiyo, panda mashua ya kasi; kama una nafasi, panda meli ya mchana, kwa sababu ndani ya mashua ya kasi utaona zaidi migongo ya abiria wenzako. Ukiwa melini, simama kwanza nyuma, uitazame Goma na mawe yake meusi ya volkano, ambayo mengine yaliingia ziwani Januari 2002 Nyiragongo ilipolipuka. Baadaye hamia upande wa kulia, ambako milima ya Kalehe hupata jua la asubuhi. Kisiwa cha Idjwi kitakuwa kushoto kwako kwa sehemu kubwa ya safari. Chombo chochote utakachochagua, kihesabu kwa macho kabla ya kupanda: kikiwa kimejaa kupita kiasi, subiri kingine, hata kama nauli umeshalipa, kwa maana Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapo Goma, na watu wengi walikufa nchi kavu ikionekana. Dai jile la kuokolea maisha na ulivae tangu mwanzo wa safari. Nguo za harusi zifunge ndani ya mfuko wa plastiki, na chakula ununue Goma.