Koaksi kwa RJ45: wadau, acheni kusokota waya za E1

Juzi kuna mdogo wangu mmoja wa Mwanza kanirushia picha WhatsApp. Anafunga PABX ya Asterisk (mtambo wa simu za ofisini unaoendeshwa na programu ya kompyuta) kwenye kampuni ya mabasi, kampuni ya simu imemletea laini ya E1, ile ya kidijitali inayobeba simu nyingi kwa mpigo, modemu yao inatoa BNC mbili (konekta za duara za koaksi) na kadi yake ina tundu la RJ45, kama lile la kebo ya netiweki. Alichofanya kakata koaksi, ile kebo nene kama ya antena ya TV, kachuna, kasokota na pea za kebo ya netiweki, kapiga tepu nyeusi juu. Halafu ananiuliza, "Kaka mbona simu zinapita ila faksi inakatika katikati?"

Nilicheka, halafu hasira zikanipanda, maana hii kitu naijua vizuri sana.

Kuna kipindi niliitwa kol senta moja pale Posta, Dar. Kabla yangu alipita mshauri, tai shingoni, Kiingereza kingi, akaunga koaksi na kebo ya RJ45 kwa solda safi kabisa, kwa macho huwezi kuilaumu. Taa ya kadi ikawa kijani, watu wakapiga makofi, jamaa akachukua cheki yake huyoo. Baadaye sauti zikaanza kukwaruza, mara simu zote zinadondoka kwa mpigo, bosi anailaumu kampuni ya simu, kampuni ya simu nao wanailaumu kadi, na kadi ni ghali balaa.

Mimi sikugusa programu kwanza. Nilikrimpu plagi ya RJ45, pini 1 nikaiunga na 4, pini 2 na 5, nikaichomeka kwenye kadi ili inachotuma ikipokee yenyewe, na alamu nyekundu ikaondoka. Kadi ni nzima, haina ubovu! Basi ugonjwa uko kwenye ile solda.

Iko hivi. Koaksi ya E1 ni om 75 (om ni kipimo cha jinsi kebo inavyoikinza ishara ya umeme) na ganda lake la nje limeenda ardhini. RJ45 ya E1 ni om 120, waya mbili zimesokotana, hakuna hata mmoja ulioenda ardhini. Ukiziunga moja kwa moja kama asilimia 23 ya volteji inagonga pale kwenye kiungo na kurudi ilikotoka. Na laini inabeba megabiti 2.048 kwa sekunde, chaneli 32, za sauti 30, chaneli 0 inalinda mpangilio na 16 inabeba ishara za simu. Makosa machache sikio halishtuki, faksi inashtuka.

Dawa ni balun, kidude cha kupatanisha om 75 na om 120. BNC mbili upande mmoja, RJ45 upande wa pili, imeandikwa 75/120. Kariakoo ukisema tu "balun" watakupa ya kamera za CCTV, hiyo ni ya picha, irudishe. Ukishaweka na taa bado nyekundu, badilishana zile BNC mbili, kutuma na kupokea zimepishana. Wengine hapo wanakimbilia krosi ya kompyuta, ile inapeleka 1 kwa 3 na 2 kwa 6, haisaidii kitu, E1 inatumia 1 na 2 kupokea, 4 na 5 kutuma. Halafu waulize kampuni ya simu kama wanatumia CRC4 (ukaguzi wa makosa kwenye laini), na saa, yaani mapigo ya kutumia data, ichukue kwao, usiiachie kadi ijiendeshe. Lakini balun kwanza. Nasema tena, balun kwanza.

Sasa kilichoniuma. Laini ikatulia, nikapeleka bili, bosi akakishika kile kidude kiganjani akakigeuzageuza, "Yaani hiki ndo unanidai hela yote hii?" Wakakata hela ya ufundi. Yule wa tai aliyewaharibia alilipwa yote na akapewa chai juu. Sijasahau na sina mpango wa kusahau.

Ndo maana vijana nawaambia, konekta kuingia kwenye tundu haimaanishi umeme umekubaliana. Mnapenda njia ya mkato, mnaona taa ya kijani mnapiga selfi na site mnaiposti, mteja anabaki na matatizo na sisi wote tunaitwa mafundi mchundo. Soma kilichoandikwa nyuma ya modemu, jamani, om zimeandikwa pale pale! Na kwenye kotesheni balun iwe na mstari wake, ufundi mstari wake, advansi upokee kabla hujafungua boksi la zana.