Re: Imani isiishie Jumapili, nianzie wapi?
Ndugu, umesema unanunua viazi shambani na unataka Ukristo wako uonekane hata siku za kazi. Anza na gunia. Walawi 19:36 inadai mizani ya haki. Sasa ile lumbesa, gunia limeshindiliwa hadi likaongezewa kichwa cha wavu, halafu mkulima analipwa bei ya gunia moja, utaiombeaje baraka? (Najua, wenzako wote wanafanya hivyo.) Pima kwa kilo, mkulima akiuona mshale mwenyewe. Na vijana wa kupakia: Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka ujira utolewe siku ileile, kabla jua halijachwa. Hakuna cha “njoo kesho”. Kwaya endelea nayo, ila mazoezi yasiwe kisingizio cha kuwakwepa wanaokudai.