Uzi wa vinundu unaokatika penye unene

Dada wa Mikindani, umesema uzi wa pamba wa mapambo unaousokota kwa mkono unaachia penye vinundu, yaani sehemu nene ulizoziacha makusudi, si penye wembamba. Msokoto hukimbilia sehemu nyembamba. Kinundu kinabaki kimelegea, nyuzinyuzi zake zinateleza. Nyuzinyuzi za pamba zina urefu wa sentimita 2 hadi 3 tu, kwa hiyo kinundu cha sentimita 5 hakina hata moja inayokivuka mwisho hadi mwisho. Kifupishe, na usokote zaidi ya ulivyozoea.

Kinga bora ni uzi wa pili. Ambatanisha wa cherehani na wa vinundu, ukizungusha kijiti cha kusokotea kinyume na ulivyokizungusha mwanzo. Ukitaka mizunguko iliyobanana, kaza wa cherehani, ule mnene uushike mlegevu kwa pembe mraba ujizungushe, halafu isukume juu. Itateleza usipoifunga kwa uzi mwembamba mwingine.

Sufi ya mito usiisokote peke yake, haishikani kabisa. Mabaki ya khanga kwa fundi cherehani yanafaa zaidi: kata vipande vyembamba, vibane kati ya nyuzi mbili.

Mwisho chemsha uzi nusu saa ili msokoto utulie. Wenye khanga loweka maji baridi tu, rangi isichuje.