Mama ana kisukari na ameanza kusahau: je, sukari imefika kwenye ubongo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71 na ameishi na kisukari miaka 16. Anatumia metfomini na glibenklamidi. Siku hizi anarudia swali lilelile, na juzi niligundua amekunywa dawa za asubuhi mara mbili. Nimesikia kusahau huku kunaitwa kisukari cha aina ya tatu. Ni kweli? Na tukiishusha sukari kabisa, kumbukumbu itarudi?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Nianze na hizo dawa za mara mbili, maana hapo ndipo penye haraka. Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, na kwa mzee ambaye figo zimechoka hukawia kutoka mwilini. Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine ya kupimia, kijana hutetemeka na kutokwa jasho. Mzee huenda asionyeshe dalili hizo. Anakaa tu akikodolea macho kikombe cha chai kana kwamba hajui ni cha nini, na nyumbani mnasema ni kusahau kwake. Siku akiwa hivyo, mpime palepale. Ikiwa iko chini na anameza vizuri, mpe kinywaji chenye sukari kisha chakula. Kama hawezi kumeza, mkimbizeni hospitali. Sukari inayoshuka vibaya mara kwa mara nayo imehusishwa na dimenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa hiyo mambo haya mawili hulishana.

Sasa ubongo wenyewe. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati, na nishati hiyo hufikishwa na mishipa myembamba mno. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huzichakaza kuta za mishipa hiyo kama inavyochakaza ya figo na ya macho. Ndiyo sababu mimi hupenda kujua hali ya macho ya mgonjwa kwanza: nyuma ya jicho tunaiona mishipa midogo bila kumpasua mtu. Mshipa wa ubongo ukiziba, kisehemu kidogo hufa kimyakimya, bila kupooza mkono wala mguu. Visehemu vikizidi, mtu anakuwa mzito wa kufikiri na kupanga mambo. Hiyo ni dimenshia ya mishipa, na kisukari kimefungamana nayo zaidi kuliko na Alzheimer, ile aina ya dimenshia inayojulikana zaidi. Kwa jumla, mwenye kisukari cha aina ya 2 ana hatari ya dimenshia ya takriban mara moja na nusu hadi mbili ya asiye nacho.

Hilo jina la aina ya tatu lilishika kasi mwaka 2005, baada ya watafiti wa Marekani kukuta kwamba ubongo wa waliokufa na Alzheimer hauitikii insulini ipasavyo. Tena kimeng'enya kinachovunja insulini ndicho pia huvunja amiloidi, ile protini inayorundikana katika Alzheimer. Hoja ina uzito, ila jina silipendi: wagonjwa wengi wa Alzheimer hawana kisukari kabisa.

Kuishusha sukari kabisa? Hapana. Utafiti mkubwa uitwao ACCORD ulijaribu kushusha HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, chini ya asilimia 6. Kumbukumbu haikuwa bora, na vifo viliongezeka hadi mpango huo ukasitishwa mwaka 2008. Kwa mzee aliyeanza kusahau, wengi wetu huridhika na HbA1c ya chini ya asilimia 8. Presha yake ifuatilieni kwa bidii ileile.

Mwombe daktari wake aangalie kama glibenklamidi inaweza kubadilishwa, apime na vitamini B12, kwani metfomini ya miaka mingi huipunguza, na upungufu wake husahaulisha lakini unatibika. Dawa zishike wewe kuanzia leo. Siku ya kliniki beba vidonge vyote vilivyomo nyumbani, hata vya zamani. Si mara moja nimekuta mgonjwa anameza dawa ileile kutoka pakiti mbili zenye majina tofauti.